Siku ya Posho

Huku kwetu Lubumbashi Jumamosi ni siku ya posho,
tangu zama za kampuni, wachimba shaba walipopanga foleni
kupimiwa unga, chumvi, samaki mkavu.
Kwa hiyo hakimu wa tribinali ya watoto
aliposema, macho kwenye karatasi,
"Mama atampata mtoto kila siku ya posho,
saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni,"
nilikusikia, Ngosa, ukicheka puani.
Mwanajeshi unaijua posho:
haitoshi, inachelewa,
na anayeipima daima ni mtu mwingine.

Posho nne ulizipata.
Ya tano, lori likaja Kambi Vangu kabla ya jogoo,
ukapanda na begi lako, kaskazini, Ituri,
mahali ambapo kwenye simu ulipaita "huku" tu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, Katuba. Chuma nakijua,
deni nalijua. Nikanunua kaye ya kurasa arobaini na nane,
nikaandika juu: SIKU ZA MAMA CHOLA.
Kila posho iliyopita nikachora msumari mmoja,
ikifika mitano naifunga kwa mstari, kama fito.
Sikutaka mtu aseme nimekula haki yako.

Mama yangu alisema: deni la asiyekuwepo huliwa na mchwa.
Avoka wa karibu na posta alisema zaidi:
"Mzazi haonekani miezi sita,
tunaomba hukumu ibadilishwe. Ni barua moja tu."
Nililipa. Sikudanganyi sasa.
Barua ilikaa chini ya sanduku la vijiti vya kuchomelea,
haina sahihi yangu,
na kila nilipovaa miwani myeusi kuunga geti la mtu
niliiona ikiwaka bila moto.

Chola hakujua. Yeye kila siku ya posho
alivaa viatu mapema, cha kushoto kulia,
akakaa kwenye kizingiti cha lupango.
Saa nne alivivua mwenyewe.
Mwezi wa saba, baridi ilipobana, aliacha kuvivaa.
Hilo sikuliandika.

Halafu ukaja. Siku kumi na nne za likizo,
mashavu yameingia, kovu jipya kwenye kiwiko, hukulitaja.
Nikakukabidhi kaye kabla ya kukupa kiti:
misumari arobaini na mmoja.
"Hesabu," nikasema. "Ukizitaka zote, utalipwa zote,
likizo za shule, hata ichukue miaka miwili."
Ulilowesha kidole, ukafunua polepole
kama mtu anayetafuta jina asilotaka kulikuta.
Kisha ukaweka ukucha juu ya msumari wa kumi na tisa:
"Hii hapa. Alikula nini?"

Sikujua.

"Na hii?"

Katika posho arobaini na moja nilikumbuka nne:
ile ya jino,
ile ya homa,
ile ya mvua iliyoangusha ukuta wa jirani,
na ile alipouliza kama huko "huku" kuna bukari.
Chola alikuwa nyuma ya mlango,
anatazama buti zako, si uso.
Ilichukua siku tatu macho yake kupanda hadi magotini,
na likizo yako haikungoja.

Barua ya avoka niliichana siku uliyoondoka, si kabla.
Ujue hilo pia.

Leo ni posho ya kwanza tangu urudi kazini.
Naandika, mkono mzito, kalamu imezoea misumari:
Ameamka saa moja.
Amekula bukari na vinkubala, vichwa ameviacha kando ya sahani.
Amegombana na Kunda wa jirani, sababu ni kamba ya kuruka.
Amevaa viatu.
Nikamwuliza, unakwenda wapi?
Akasema, siendi.
Andika kwamba nimevaa.